Nakwama Walawi, nasinzia kwenye maombi: je, Mungu hanisikii?

*"Nimeokoka miaka mingi sasa. Kila Januari naanza kusoma Biblia kuanzia Mwanzo nikiwa na nia ya kuimaliza ndani ya mwaka. Mwanzo inakwenda vizuri, Kutoka naanza kuchoka, Walawi nakwama kabisa, na mwaka unaisha hivyo. Upande wa maombi ni vibaya zaidi. Nikipiga magoti usiku, baada ya dakika tano mawazo yamehamia kazini na kwenye madeni, au nasinzia hapo hapo kitandani. Mwenzangu wa kikundi cha maombi ameniambia usingizi ule ni roho inayonipinga, tena kwamba asiyeweza kuomba hata saa moja amepoa. Siku hizi nahisi Mungu hanisikii. Nifanyeje?"*

Mpendwa, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kusoma kunakokwama, maombi yanayokatika, na hofu kwamba hayo mawili ni ushahidi wa jambo la tatu, yaani kwamba Mungu amekupa kisogo. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokuuma. Katika yote uliyoeleza sijaona ushahidi huo. Ninachokiona ni mpango wa usomaji usiokufaa, saa mbaya ya maombi, na maneno mazito uliyobebeshwa na mtu ambaye huenda alikutakia mema.

Tuanze na Walawi. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka husoma sura tatu kila siku na tano Jumapili, yaani 23 kwa wiki. Sasa piga hesabu. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo kwa mwendo huo Walawi inakupokea mwishoni mwa Januari. Na kabla hujafika huko umeshapita Kutoka 25 hadi 31, ambako Mungu anatoa vipimo vya hema, na 35 hadi 40, ambako vipimo vile vile vinarudiwa kwa sababu sasa hema linajengwa. Unaingia Walawi ukiwa umechoka tayari. Ukiugua siku nne tu, unadaiwa sura kumi na mbili au zaidi. Kuanzia hapo hutafuti tena neno la Mungu, unalipa deni, na watu wengi wakishaona deni limewazidi huliacha lote. Imani haijaingia hata kidogo kwenye hesabu hiyo.

Tatizo la pili ni kuichukulia Biblia kama kitabu kimoja kinachosomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Biblia ni maktaba: ina historia, sheria, mashairi, methali, barua na maono. Hakuna anayeingia maktaba akaanza na rafu ya kwanza kushoto. Nakushauri usimamishe mpango wa mwaka mzima na uuzike bila kuulilia. Chukua Agano Jipya peke yake. Lina sura 260, na ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 52 zinatoshana nalo barabara, bila sura kuzidi wala kupungua. Siku mbili za wiki zinazobaki ni za kufidia ulizokosa au kurudia sura iliyokugusa. Hizo siku mbili ndizo zinazouokoa mpango. Mpango usio na nafasi ya kukosa huvunjika siku ya kwanza mtu akipata homa.

Anza na Marko, kwa sababu ni fupi (sura 16) na mambo yake yanakwenda mbio. Jumamosi moja yenye nafasi unaweza kuisoma yote kwa sauti, kwa saa moja na nusu hivi au mbili. Kisha Luka na Matendo mfululizo, kwa kuwa mwandishi ni mmoja na habari ni moja. Baada ya hapo barua na vilivyobaki vitaeleweka zaidi, maana utakuwa unawajua watu na miji inayotajwa.

Ila Walawi usiiache milele. Inawachosha watu kwa sababu wanaisoma bila kujua inajibu swali gani, na swali lenyewe limewekwa mlangoni. Mwisho wa Kutoka, 40:35, utukufu wa Mungu unalijaza hema, na Musa hawezi kuingia. Walawi 1:1 Mungu anamwita Musa *kutoka* hemani. Halafu fungua mstari wa kwanza wa Hesabu: Mungu anasema na Musa *ndani* ya hema. Kati ya kutoweza kuingia na kuwemo ndani kuna kitabu kizima cha Walawi. Kinaeleza jinsi Mungu mtakatifu anavyoweza kukaa katikati ya watu wasio watakatifu bila watu hao kuangamia. Ukilishika hilo, dhabihu zinaanza kuwa na maana.

Siku utakayorudi, usianze na sura ya 1. Anza na 10, ambamo wana wawili wa Haruni wanakufa kwa kumkaribia Mungu wapendavyo wao. Kisha soma 16, Siku ya Upatanisho, inayoanza kwa kukumbusha vifo hivyo, kisha 19, ambamo imo amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako. Ndipo urudi 1 hadi 7. Waebrania 9 iwe wazi pembeni. Na ukifika 12:8, panaposema mama aliyejifungua asipoweza kumpata mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, nenda Luka 2:24 uone Mariamu na Yusufu walileta nini. Hapo utakuwa umejua hali ya mfuko wa nyumba aliyozaliwa Yesu, na umeijua kutoka katika kitabu ulichodhani hakina kitu.

Sasa namna ya kusoma sura moja. Soma kwa sauti, hata ya chini. Zaburi 1:2 inamtaja mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutafakari" ni lile linalotumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (Isaya 31:4) na kwa sauti ya hua (Isaya 38:14). Ni kutafakari kwa midomo, kwa kunong'ona. Yule towashi wa Kushi naye, Filipo alijuaje kwamba anasoma Isaya? Alimsikia (Matendo 8:30). Sauti inafanya kazi mbili: inaupunguza mwendo wa macho, na inaipa akili kitu cha kushika ili isitangetange. Macho yanaweza kupita ukurasa mzima huku akili iko kwenye madeni. Mdomo ukisoma, unajikuta umeacha mara moja unapopotea.

Kama Kiswahili cha Union, toleo la 1952, kinakupa taabu, hakuna dhambi kusoma tafsiri ya lugha nyepesi kama Habari Njema kwanza, kisha ukarudi Union kwa ajili ya uzito na mapigo ya maneno yake. Kumbuka pia kwamba namba za sura na mistari ziliwekwa baadaye sana. Sura zimetokana na karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iligawanywa kwa namba mwaka 1551. Waandishi hawakuandika kwa mistari. Kwa hiyo mstari mmoja uliochomolewa, hata ukiwa mtamu, lazima urudishwe kwa jirani zake. Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, wengi wameikariri. Mstari wa 10 unaoitangulia unasema miaka sabini. Barua ile iliandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu, wakaambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini kwanza. Ahadi inabaki ahadi, lakini haisemi kwamba shida yako itaisha mwezi huu.

Nikigeukia maombi: usiyatenge na usomaji. Wewe unasoma, unafunga Biblia, kisha unapiga magoti na kuanza kutafuta maneno kutoka kwenye kichwa kitupu kilichochoka. Baada ya dakika tano maneno yameisha, na akili, ambayo haipendi nafasi tupu, inaleta kile ambacho hakijamalizika mchana. Ndivyo akili inavyofanya kazi kwa kila mtu. Dawa ya zamani ni kuliacha andiko likupe maneno ya kuomba. Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo wa Pili, aliipanga njia hii kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu.

Tuijaribu kwa Marko 4:35-41, Yesu akituliza dhoruba. Tenga dakika 15. Moja ya kukaa kimya na kupumua. Nne za kusoma kisa hicho kwa sauti mara mbili, polepole. Tatu za kuandika daftarini majibu ya maswali haya: nani anasema na nani, ni neno gani limenishika, na Mungu au Yesu anaonekana ni wa namna gani hapa. Huenda neno litakaloshika, kwa hali yako, likawa lile la wanafunzi: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hilo ni ombi tayari. Lina hofu, lina lawama, na halikukataliwa. Dakika sita zinazofuata lichukue ulisali kwa mambo yako: Bwana, si kitu kwako kuwa deni hili linanimaliza? Si kitu kwako kuwa naogopa kesho? Taja kila jambo kwa jina lake. Dakika ya mwisho nyamaza, kisha andika tarehe na mstari mmoja wa ulichoomba. Na usikose kuona kwamba katika Marko Yesu anaituliza bahari kwanza, ndipo anawauliza kuhusu woga wao. Mathayo 8 ina mpangilio mwingine, nalo linafaa kuandikwa daftarini.

Ah, na angalia mstari wa 38: Yesu mwenyewe alikuwa amelala, kichwa kikiwa juu ya mto.

Hilo linanileta kwenye usingizi wako. Umesema unaomba usiku, kitandani, umepiga magoti, nadhani umefumba macho na kuegemeza kichwa. Baada ya kazi ya siku nzima hayo ni maandalizi kamili ya kulala, na mwili wako unafanya ulichouambia. Kanisa linaamini kuna vita vya kiroho, nami sivipuuzi, lakini kabla ya kumkemea roho, jiulize: je, unasinzia pia kwenye basi, kikaoni, mbele ya televisheni? Kama ndiyo, una deni la usingizi, na dawa yake ni kulala. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa chakula, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili, na sauti ile ya utulivu ikaja baadaye.

Hamisha muda. Tafuta dakika 15 ambazo akili yako ina nguvu: kabla simu haijawashwa asubuhi, au mchana wakati wa mapumziko. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Usiku bakiza Baba Yetu tu, na kama usingizi ukikukuta katikati, umelala ukiwa mikononi salama. Badilisha pia mkao. Sulemani alipiga magoti, lakini Daudi aliketi mbele za Bwana (2 Samweli 7:18), Hana alichezesha midomo bila sauti kusikika (1 Samweli 1:13), na Yesu alisema "msimamapo na kusali" (Marko 11:25). Unaweza kuomba ukitembea, macho wazi. Mawazo yakihama, usijichape. Weka karatasi pembeni: kama ni kazi ya kufanya, iandike ikusubiri. Kama ni wasiwasi, usiufukuze, ugeuze uwe ndilo ombi, kwa sababu huenda ndicho ulichokuwa na haja ya kukisema tangu mwanzo.

Kuhusu ile saa moja. Neno limetoka Gethsemane: "Hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja?" Yesu aliwaambia rafiki zake usiku ule mmoja, muda mfupi kabla hajakamatwa. Hakuwa anaweka kipimo cha chini cha maombi ya kila siku. Mara baada ya kuuliza, alisema mwenyewe kwamba roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, na Luka anaongeza kilichowalaza: huzuni (22:45). Yesu huyo huyo alionya dhidi ya kupayuka-payuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikiwa (Mathayo 6:7), kisha akafundisha sala inayosemwa kwa muda usiofika dakika moja. Nehemia aliomba katika nafasi iliyokuwapo kati ya swali la mfalme na jibu lake (Nehemia 2:4), na likajibiwa. Ni kweli kwamba Yesu alikesha usiku mzima kabla ya kuwachagua wale kumi na wawili, nawe siku moja unaweza kutaka kukesha. Mkesha ni mzuri ukitokana na haja. Ukitokana na hofu ya kuonekana umepoa, utakupa uchovu tu kesho yake. Na kama kikundi chenu huunganisha mikesha na kufunga, mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa za kila siku azungumze na daktari kabla hajafunga.

Siku ambazo huna maneno kabisa, tumia Zaburi. Ziko 150, na kuna njia rahisi ya kuchagua: chukua tarehe ya leo, uongeze 30 mara nne. Tarehe 7 utapata Zaburi ya 7, 37, 67, 97 na 127. Zipitie mistari ya kwanza, uchague moja inayofanana na hali yako, uisome kwa Mungu kama yako. Tarehe 29 italeta ya 119 yenye mistari 176. Hiyo iwekee tarehe 31, nayo uisome vipande vya mistari minane minane, kama ilivyogawanywa tangu asili. Wapo Wakristo wanaodharau sala zilizoandikwa, wakisema hazitoki moyoni. Mimi naona wanakosea, maana Yesu msalabani alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22. Lakini wasiwasi wao una chembe ya kweli: sala iliyoandikwa inaweza kusomwa kama tangazo. Kwa hiyo isimamishe kila baada ya mistari michache, utie neno lako mwenyewe.

Na hisia kwamba husikiwi? Zipo Zaburi zilizoandikwa ndani ya hisia hiyo. Zaburi 13 inaanza kwa "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi 88 inamalizikia gizani, bila kugeuka kuwa sifa, na bado imo katika Maandiko. Aliyeziomba hakuwa amepoa, kwani aliyeacha kuamini halalamiki kwa Mungu. Pengine umetajiwa Zaburi 66:18, kwamba Mungu hasikii mwenye maovu moyoni. Endelea hadi mstari wa 19: mwandishi anasema Mungu *amesikia*. Anayetajwa pale ni mtu anayeyalea maovu, ambaye si sawa na mtu aliyechoka. Hata hivyo nisikufariji kwa uongo. Biblia inataja mambo yanayoweza kuzuia maombi, na yako wazi: mume asiyemheshimu mkewe (1 Petro 3:7), mtu mwenye ugomvi asiotaka kuupatanisha (Mathayo 5:23-24). Jichunguze kwa dakika chache. Kama lipo jambo, utalijua bila kulitafuta kwa tochi, nenda ukalitengeneze. Kama hulioni, usiendelee kuchimba kila usiku.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi, na unahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ukiwa na huzuni au utupu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, umepoteza hamu ya chakula na ya vitu ulivyovipenda, au huamki vizuri kila asubuhi, nenda kwa daktari pamoja na mchungaji au padri wako. Usichague mmoja. Sonona huzima ladha ya maombi kama homa inavyozima ladha ya chakula. Yakija mawazo ya kujiua, tafuta msaada siku hiyo hiyo, na usikae peke yako. Ukilala saa saba au nane na bado unasinzia mchana kutwa, hasa kama unaambiwa unakoroma na pumzi kukatika, hilo ni la hospitali pia. Na ukijikuta unarudia ombi lile lile mara nyingi kwa hofu kwamba hukulisema sawasawa, au unatubu jambo moja mara kumi kwa siku bila kupata amani, mwambie mtaalamu wa afya ya akili. Ni hali inayojulikana na inayotibika, na kuomba zaidi huichochea.

Mshauri wa kiroho mchague kwa uangalifu. Anayekuambia uache dawa, anayedai fedha ili akuombee, au anayetaka kukutana nawe kwa siri, muage mapema. Wa kweli atakusikiliza kabla ya kukuwekea mikono.

Huyo mwenzako wa kikundi nisingemkwepa. Mweleze kwamba maneno yake yalikuumiza, kisha mwombe msome Marko pamoja, mara moja kwa wiki, kila mtu akija na daftari lake. Sura 16 ni karibu miezi minne. Wewe utakuwa na mtu wa kukuamsha ukipotea, na huenda naye akafika Gethsemane, sura ya 14, akaisoma kwa sauti mbele yako. Mkifika hapo, msiishie kwenye lile swali la saa moja. Someni na mstari unaofuata.